Muulize Bibi Nesi: Damu ina njia yake

Barua za safari hii nimezipanga kwa makusudi. Ya kwanza ni ya mwanafunzi, na wewe uliyeniandikia kuhusu mguu uliovimba au vidonge vya moyo usiiruke ukadhani ni ya watoto wa shule. Nitakurudisha pale pale.

*

Shikamoo Bibi Nesi. Niko kidato cha tatu. Mwalimu alituambia ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu. Lakini kwenye kitabu nimekuta ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni imepakwa rangi ya bluu, yaani ina damu chafu. Nani amekosea? Na mbona upande wa kushoto wa moyo umechorwa mnene kuliko wa kulia? Kitabu chetu ni cha Kiingereza, nami nataka niweze kumweleza bibi yangu mwenye presha.
Mwanafunzi, Korogwe

Marahaba, mjukuu wangu. Kitabu kiko sawa. Mwalimu naye hakusema uongo, ila alifupisha mno. Ateri ni mshipa wowote unaotoa damu moyoni. Vena ni wowote unaoirudisha. Jina linafuata mwelekeo wa safari, halifuati rangi ya mzigo. Karibu mwili mzima damu inayotoka moyoni ni nyekundu mbichi, imejaa oksijeni, ndiyo maana mwalimu akasema alivyosema. Kwenye mapafu mambo yanageuka: ateri inapeleka damu iliyofifia ikachukue hewa, na vena zinairudisha ikiwa imeng'ara. Hiyo bluu ni ya mchoraji. Hakuna binadamu mwenye damu ya bluu. Ile iliyopungukiwa oksijeni ni nyekundu iliyokolea, kama juisi ya rosela isiyotiwa maji ya kutosha.

Kosa hilo hilo nililifanya mwaka 1979, mwaka wangu wa kwanza chuo cha uuguzi. Mtawa aliyetufundisha hakunigombeza. Alinipeleka jikoni, akachukua moyo wa mbuzi uliokuwa ukingoja sufuria, akaniambia, "Tafuta mlango." Nilihangaika nusu saa. Baadaye nilipokuwa mwalimu mwenyewe sikuwahi kufundisha moyo kwa ubao peke yake. Nawe nenda buchani. Chukua wa mbuzi, kwa sababu wa ng'ombe mara nyingi unaupata umeshachanjwa: mkaguzi wa nyama huupasua kutafuta malengelenge ya tegu, na ni kazi yake. Hapa Tanga mimi nachukua wangu soko la Mgandini, na mwenye bucha ameshazoea kwamba yule bibi anataka moyo wenye mabomba yake juu, usiokatwa shingo.

Ukiupata, ubonyeze kwa dole gumba. Upande mmoja unabonyea kama embe lililoiva, mwingine unakataa kama embe bichi. Unaokataa ndio wa kushoto. Ndani kuna vyumba vinne: viwili vya juu, vyenye kuta nyembamba, hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Kati ya kulia na kushoto kuna ukuta mzima, damu haipenyi pale.

Sasa fuata njia. Damu iliyotumika inarudi kwa mishipa mikubwa miwili, mmoja unashuka kutoka kichwani na mikononi, mwingine unapanda kutoka miguuni na tumboni. Yote miwili inamwaga chumba cha juu kulia. Damu inashuka chumba cha chini kulia, inasukumwa mapafuni, inarudi chumba cha juu kushoto, inashuka cha chini kushoto, kisha inatoka kwa mshipa mkuu, aota, kwenda kila pembe. Shika hasa hili: kila tone linalotoka mguuni lazima lipite mapafuni kabla ya kugawiwa tena mwilini. Dereva wangu wa huko chini atalihitaji.

Chumba cha kulia kinapeleka damu kwa jirani tu, mapafuni, kwa presha ya kama 25. Cha kushoto kinaipeleka mpaka kidole cha mguu na kuipandisha ubongoni, kwa presha ya kama 120, na ukuta wake ni kama mara tatu ya ule wa kulia. Mwambie bibi yako kwamba ile namba ya juu wanayomsomea kliniki ni msukumo wa chumba hiki. Presha ikikaa juu miaka na miaka, ukuta unazidi kunenepa mithili ya misuli ya mpagazi, lakini hapa unene hauongezi nguvu. Chumba kinakuwa kigumu, kinashindwa kujaa vizuri, mwishowe kinachoka. Ndiyo maana hatakiwi kuacha vidonge siku anapojisikia mzima.

Kabla hujaupasua wote, mimina maji kwenye aota. Vijifuko vitatu vitajaa na kufungana, na maji hayatashuka. Hiyo ni vali. Kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna vali nyingine mbili, na hizo zimefungwa kwa kamba nyembamba nyeupe, kama tanga la ngalawa linavyozuiwa lisipinduliwe na upepo. Ile sauti unayoisikia ukiweka sikio kifuani, du-dup, ni milango hii ikifunga: kwanza ya ndani, halafu ya kutokea.

Na bibi akikuuliza moyo unasukuma kiasi gani, mwonyeshe kikombe cha kahawa ya kijiweni. Kila pigo la mtu mzima aliyetulia ni kama mililita 70, kikombe kimoja. Mapigo 70 kwa dakika, hiyo ni kama lita 5, dumu la mafuta ya kula. Damu yote aliyonayo mtu mzima ni kama lita 5 hizo hizo.

Ukimaliza, uoshe moyo wako ukaukaange na vitunguu. Mimi sijawahi kutupa hata mmoja.

*

Assalaam alaykum Bibi Nesi. Toleo lililopita umeandika kwamba Mwingereza William Harvey ndiye aliyegundua mzunguko wa damu. Je, Ibn al-Nafis umemweka wapi?
Ustadh, Pangani

Wa alaykum salaam, Ustadh. Nilimwacha nje, na nakubali kosa. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyetibu watu Cairo, aliandika mwaka 1242, akifafanua kazi ya Ibn Sina, kwamba ule ukuta wa katikati ya moyo hauna matundu, na kwamba damu haina budi kupitia mapafuni ili ifike kushoto. Alikuwa anampinga Galen, tabibu wa Kiyunani wa kale, aliyekuwa ameaminiwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Andiko hilo lilikuja kutambuliwa mwaka 1924, wakati daktari wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipolikuta maktaba ya Berlin.

Harvey naye, mwaka 1628, alikamilisha mzunguko wa mwili mzima, na alitumia hesabu ile ile ya kikombe na dumu niliyompa mwanafunzi. Wakati ule waliamini kwamba ini linatengeneza damu mpya kutokana na chakula, na mwili unaimaliza. Harvey akajumlisha akaona kwamba kwa nusu saa moyo unatoa damu nyingi kuliko yote iliyomo mwilini. Chakula gani hicho? Basi ni ile ile inarudi. Inavukaje kutoka ateri kuingia vena, hakuiona. Vishipa vyembamba inamovukia alivibaini Mwitaliano Malpighi mwaka 1661, kwa hadubini, katika mapafu ya chura. Nyumba ni moja, mafundi watatu, na mimi nilimtaja mmoja.

*

Bibi Nesi, mimi ni dereva wa lori, miaka 46. Napeleka mzigo Dar hadi Tunduma, na foleni ya mpakani inatukalisha ndani ya gari hata siku tatu. Sasa mguu wa kushoto umevimba ndani ya siku nne, kuanzia goti kushuka. Shavu la mguu lina joto na linauma nikikanyaga. Jirani anasema ni matende yananianza. Muuza dawa za asili amesema nina damu nzito, ninywe maji ya limau na kitunguu saumu. Mke wangu ananikanda kila usiku kwa maji ya moto na mafuta ya nyonyo. Niendelee?
Dereva, Chalinze

Huyu hatukungoja toleo litoke. Siku barua ilipofika nilimwomba mhariri ampigie simu, akaenda hospitali, akapimwa kwa ultrasaundi, na likaonekana bonge la damu kwenye mshipa mkubwa wa ndani ya mguu. Sasa anaendelea vizuri na ameniruhusu niandike kwa ajili ya madereva wenzake.

Tuanze na matende. Nimekulia ukanda huu wa pwani, matende na mabusha nayajua. Yanaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na mguu unanenepa taratibu, kwa miezi na miaka. Mguu mmoja ukivimba ndani ya siku chache, ukawa na joto na maumivu, usiutafutie jina la zamani.

Kilichotokea kinaeleweka ukirudi kwenye njia. Damu inapofika kwenye nyayo, msukumo wa moyo umeshaishia njiani, na bado inatakiwa ipande. Nani anaipandisha? Shavu la mguu. Kila ukipiga hatua, msuli unazikamua vena, na ndani ya vena mna vijimlango vinavyoruhusu damu ipande na kuizuia isishuke. Unaweza kuviona vikifanya kazi mkononi. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ijitokeze, bana mmoja kwa kidole karibu na vifundo vya vidole, kisha kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwikoni. Ukikiachia hicho cha juu, kipande cha mshipa kinabaki kitupu hadi kwenye kijimlango, na damu hairudi nyuma. Harvey alifanya jaribio la namna hii kwa mkono uliofungwa kitambaa.

Sasa mkalishe mtu magoti yamekunjwa siku tatu, tena hanywi maji kwa sababu hataki kushukashuka kwenda kukojoa. Damu inatuama, na damu iliyotuama inaweza kuganda hata bila jeraha. Hali hiyo huwapata pia waliofanyiwa upasuaji, wajawazito na waliotoka kujifungua, wenye saratani, na baadhi ya wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

Bonge likikaa mguuni ni maumivu. Likikatika, fuata njia niliyomwonyesha mwanafunzi: linapanda, linaingia chumba cha juu kulia, cha chini kulia, njia yote pana, halikwami. Linasukumwa mapafuni, na huko mishipa inaanza kugawanyika, inakuwa myembamba zaidi na zaidi. Hapo ndipo linapoziba.

Niseme jambo ambalo sikupenda kuliandika. Miaka ya themanini, katika hospitali moja ya mkoa, tulikuwa na mama siku ya sita baada ya upasuaji wa tumbo. Alilalamika mguu. Mimi na mwenzangu tulimpaka dawa ya kuchua tukamkanda vizuri, tukijiona manesi wenye huruma. Asubuhi aliposhuka kitandani kwenda kuoga alishika kifua, akasema hapati pumzi, akaanguka. Hatukuweza kumrudisha. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni mikono yetu, bonge linaweza kukatika lenyewe. Lakini tangu siku hiyo mguu wa namna hii siukandi, na mke wa dereva naye nilimwambia kwa simu aache siku hiyo hiyo.

Hili neno "damu nzito" linanichosha. Mmoja akilitumia anamaanisha presha, mwingine mafuta kwenye damu, mwingine wingi wa chembe nyekundu, mwingine bonge mguuni. Ni magonjwa manne, na matibabu manne. Ukiambiwa una damu nzito, muulize aliyekuambia: umepima nini, na namba ni ngapi? Limau halitakudhuru, ila litakupotezea siku ulizokuwa nazo.

Dereva amepewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa miezi mitatu angalau. Watu huiita dawa ya kuyeyusha damu. Haiyeyushi. Inazuia bonge lisikue, na mwili wenyewe unalimeng'enya pole pole. Kwa hiyo uvimbe kupungua si ruhusa ya kuacha vidonge. Barabarani, ashuke kila baada ya saa mbili atembee. Akiwa kwenye foleni ainue visigino juu na chini mara nyingi, na anywe maji hata kama itambidi kukitafuta choo. Akibanwa na pumzi ghafla, kifua kikamchoma akivuta hewa, au akikohoa damu, huo si wakati wa kupiga simu kwa Bibi Nesi. Aende hospitali.

*

Shikamoo Bibi. Nina miaka 29. Mwaka jana niliwekewa vali ya chuma kwenye moyo, ile ya kwangu iliharibika tangu utotoni. Natumia warfarini kila jioni. Niliambiwa nisiguse kabisa mboga za majani, sasa nimechoka na maharage. Jirani ameniambia dawa hii ni sumu ya panya. Na usiku mume wangu anasikia tik-tik kifuani mwangu. Naogopa.
Mama wa mmoja, Voi

Marahaba mwanangu. Tik-tik ni vali yako ya chuma ikifunga, kama zile za asili zinavyofunga kwa du-dup. Kila usiku mumeo anapoisikia, inafanya kazi. Mwambie aizoee kama saa ya ukutani. Ila siku mlio ukififia au kubadilika, au ukaanza kuchoka na kubanwa pumzi, nenda hospitali mara moja.

Jirani yako amesema kweli, lakini ameanza hadithi katikati. Miaka ya 1920, kwenye nyanda za Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kutokwa damu. Mkulima anakata pembe au anahasi dume, jeraha dogo tu, asubuhi anamkuta mnyama amekufa. Madaktari wa mifugo waligundua kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa nyasi kavu za jamii ya kunde zilizovunda kwa unyevu. Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alipita katikati ya tufani ya theluji akiwa na ndama jike aliyekufa, mzigo wa nyasi hizo, na kopo la maziwa lililojaa damu isiyoganda, akayafikisha maabara ya mwanakemia Karl Paul Link mjini Madison. Watu wa Link walichukua miaka kadhaa hadi 1939 kuitenga kemikali yenyewe. Wakatengeneza ndugu zake, mmoja mkali wakaupa jina warfarini, kutokana na herufi za mfuko wa utafiti wa chuo chao, na mwaka 1948 ukaanza kuuzwa kuua panya. Mwaka 1954 ukaruhusiwa kutibu watu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani, aliyepata mshtuko wa moyo, alipewa. Unachomeza wewe ni kipimo kidogo kinachofuatiliwa na daktari. Panya hana kliniki.

Kwa nini unaihitaji? Damu ikigusa chuma inaona kitu kigeni na kutaka kuganda juu yake. Bonge likikaa kwenye vali linaikwamisha. Na likikatika upande huo wa kushoto, halipiti mapafuni kama la dereva. Linatoka kwa aota, na linaweza kupanda ubongoni. Hicho ni kiharusi.

Sasa mboga. Ini hutengeneza protini kadhaa za kugandisha damu kwa kutumia vitamini K, na warfarini inafanya kazi kwa kuinyima ini vitamini hiyo. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K kwa wingi. Ukila sahani kubwa ghafla, dawa inazidiwa nguvu. Ukiacha kabisa, dawa inakuzidi wewe. Aliyekukataza mboga alitaka usalama, lakini mimi siungi mkono, na siku hizi kliniki nyingi hazifundishi hivyo. Kula mboga, kiasi kile kile wiki hii na wiki ijayo. Mjulishe daktari wako kabla ya kuanza, ili upimwe INR, yaani namba inayoonyesha damu yako inachelewa kiasi gani kuganda, na dozi ipangwe kulingana na chakula chako halisi. INR ya mtu asiyetumia dawa huwa karibu 1. Mwenye vali ya chuma kati ya vyumba vya kushoto kwa kawaida hutakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Namba yako iandikwe kwenye daftari lako, uijue kama unavyoijua namba yako ya simu.

Kinachonitisha zaidi ya mchicha ni duka la dawa. Aspirini, diklofenaki, ibuprofeni: usinunue kwa maumivu bila kuuliza. Metronidazo, ambayo wengi mnaiita Flagyl, na septrini huongeza sana nguvu ya warfarini. Rifampisini, ya kifua kikuu, huipunguza. Kila unapofika kaunta, sema kwanza unatumia nini. Choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukawa mwekundu, au ukigonga kichwa hata kidogo, nenda hospitali.

Umejiita mama wa mmoja, basi nikuambie na hili. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya kwanza. Ukitaka mtoto wa pili, zungumza na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Na usiache dawa peke yako ukidhani unamlinda mtoto.

Huyo mmoja uliye naye, akiumwa koo akawa na homa, usimwekee chumvi na maji ya uvuguvugu tu ukangoja. Umeandika kwamba vali yako iliharibika tangu utotoni, na kwa watu wa rika lako huku kwetu mara nyingi chanzo ni koo: bakteria wa koo ambao hawakutibiwa, kinga ya mwili ikawafukuza na katika kuwafukuza ikazijeruhi vali. Penisilini ya shilingi chache ingeweza kuzuia upasuaji mzima.

*

Bibi, nilitolewa damu vichupa vitatu vyenye vizibo vya rangi tatu. Mtu mmoja hupimwa damu ngapi? Au wanauza?
Mwenye mashaka, Tanga mjini

Hawauzi, mwanangu, vyote vitatu havijai hata kikombe kile cha kahawa. Kizibo cha zambarau kina dawa inayokamata kalisi ya damu, na bila kalisi damu haigandi, kwa hiyo chembe zinahesabika. Cha bluu kina sitrati, nayo hukamata kalisi, lakini maabara huirudisha na kupima sekunde inazochukua kuganda. Cha nyekundu hakina dawa ya kuzuia kuganda, kinaachwa kigande ili watumie maji ya juu. Wakichanganya vizibo, majibu ni ya kubahatisha. Ndiyo maana fundi wa maabara hapendi umsemeshe anapokutoa damu.

*

Shikamoo Bibi Nesi. Kaka yetu akiwa na miaka 12 aling'olewa jino, akatoka damu siku tano hadi akaongezwa. Mtoto wa dada yangu alitahiriwa mwaka jana. Damu ilisimama, usiku ikaanza tena, ikawa hivyo karibu wiki nzima. Shangazi zetu wanasema kuna mkono wa mtu. Mimi nina mvulana wa miaka 5, na baba yake anataka atahiriwe likizo ya Desemba. Nifanye nini?
Mama, Handeni

Marahaba. Desemba isubiri kwanza. Barua yako ina mambo mawili ambayo ningemwambia kila mwanafunzi wangu ayapigie mstari: wanaume wa upande wa mama, na damu inayosimama halafu ikaanza tena.

Mtu akikatwa, kwanza mshipa unajibana. Kisha chembe sahani, vipande vidogo visivyo na rangi vinavyoelea kwenye damu, vinakimbilia pale na kushikamana. Dakika chache tu. Halafu protini za kugandisha zinaamshana moja baada ya nyingine mpaka zinasuka nyuzi za fibrini juu ya rundo hilo. Wewe umeona nyumba ya udongo ikijengwa. Chembe sahani ni udongo, fibrini ni fito. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa protini moja kati ya hizo, mara nyingi ile ya nane, wengine ya tisa. Wana udongo, hawana fito za kutosha. Damu inasimama mbele ya ngariba na kila mtu anarudi nyumbani, kisha usiku ukuta unamomonyoka. Ugonjwa huu unaitwa himofilia.

Unapitia kwa mama. Mwanamke anaweza kuubeba bila kuumwa, na kila mvulana anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Kama kaka yako anao, na mpwa wako anao, basi huenda mama yenu aliubeba na dada yako anaubeba. Wewe unaweza kuwa unaubeba au la. Hakuna mkono wa mtu, na hakuna wa kumlaumu dada yako wala mama yenu. Shangazi zako waambie hivyo kwa heshima, lakini waambie.

Mpeleke mwanao hospitali ya rufaa, uieleze hadithi hii yote, ya jino na ya tohara, usiifupishe. Watapima muda wa damu kuganda, na ikibidi watawapeleka Muhimbili kupima hizo protini zenyewe. Akionekana mzima, baba yake atapata Desemba yake. Akionekana anao, bado anaweza kutahiriwa, ila hospitalini, akiwa amepewa kwanza protini anayokosa. Mpaka majibu yatoke, asipewe aspirini wala diklofenaki, na kabla ya sindano yoyote ya msuli mwambie nesi.

Halafu mpigie dada yako. Watoto hawa hawatoki damu nje tu. Huvuja ndani ya viungo, na kiungo kikijaa damu mara nyingi kinaharibika moja kwa moja. Muulize kama mtoto wake goti au kiwiko huvimba bila kuanguka, na kama asubuhi nyingine huamka akichechemea. Akisema ndiyo, huyo aende hospitali wiki hii, atangulie hata mbele ya wako.